Gari la Kibali ni Amana: Uende Nalo Nchi Jirani au Ununue Hukohuko?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi, kila inapokaribia miezi ya kufunguliwa vyuo kuna swali moja hurudi barazani baada ya sala ya Ijumaa. Mtu amepata nafasi ya kusoma au kufanya kazi nchi jirani kwa mwaka mmoja au miwili. Ana mke, ana watoto wadogo, na ana gari. Anauliza: "Niende na gari langu, au nililiache na kununua jingine hukohuko?"

Jibu la haraka analopewa ni lile ambalo hata mimi niliwahi kulitoa: "Nenda nalo tu, bwana. Afrika Mashariki si moja? Kibali kikiisha utavuka mpaka na kurudi. Kila mtu hufanya hivyo."

Leo nataka kulirudia swali hilo kwa utulivu, kwa sababu jibu langu lile liliigharimu familia yetu, na aliyelipa hakuwa mimi. Rai yangu naitanguliza mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Ukienda kwa wiki kadhaa, nenda na gari lako na ufuate masharti. Ukienda kuishi, usijenge maisha ya watoto wako juu ya karatasi ya mgeni. Nunua huko kadiri ya uwezo wako, au kaa bila gari. Na hili halitokani na hesabu ya fedha peke yake, bali ni suala la amana.

Yaliyotupata

Mwaka 2017 mdogo wangu alikwenda Mbale, Uganda, kusoma shahada ya pili. Wengi wetu tunaujua mji huo kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa mwaka 1988, ambacho kimepokea wanafunzi kutoka Mombasa, Lamu, Tanga, Unguja na kwingineko. Alikwenda na mkewe na watoto wawili. Sisi ni watu wa Mombasa, na kutoka hapa hadi mpaka wa Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Kwa watoto wadogo, kwenda na gari lilionekana jambo la huruma.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Fielder, na halikuwa lake. Lilikuwa la mama yetu. Baba alipofariki, mirathi iligawanywa kama inavyotakiwa, na mama akalichukua gari katika fungu lake, akawafidia wengine tofauti. Lilikuwa likimpeleka kliniki na darsa za akina mama. Mdogo wangu alipoomba kwenda nalo, mama alisema: "Chukua mwanangu, wajukuu wangu wasikae juani. Lakini nirudishie." Hayo ndiyo yalikuwa masharti yake yote.

Mpakani alipewa kibali cha muda. Miezi ya kwanza mambo yalikuwa shwari. Kilipokaribia kwisha alinipigia simu, "Kaka, nifanye nini?" nikamjibu vile nilivyokwisha sema: vuka, kunywa chai upande wa Kenya, rudi, chukua kingine. Akafanya hivyo mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kila mara ilikuwa siku nzima ya masomo imepotea, na kila mara anaulizwa maswali zaidi ya mara iliyopita.

Kisha ukaja wakati wa mitihani. Tarehe ya kibali ikapita akiwa anasoma usiku kucha. Akasema atakwenda Jumamosi, Jumamosi ikawa nyingine. Wiki tatu baadaye alimpa rafiki yake, mwenyeji wa pale, gari hilo aende kumchukua mgonjwa. Njiani likasimamishwa. Nambari ni za Kenya, dereva ni raia wa Uganda, kibali kimekwisha, na jina lililo kwenye kitabu cha gari ni la bi kizee aliyeko Mombasa. Gari likashikwa.

Siwalaumu maafisa waliolishika. Walifanya kazi yao, tena kwa heshima. Ila gari halikutoka bure. Kulikuwa na faini, gharama za kuliweka, nauli za kwenda na kurudi, na wakala wa kushughulikia karatasi. Mdogo wangu hakuwa na kitu, na mimi nilikuwa nimetoka kulipa karo. Mama alitoa fedha alizokuwa akiziweka kidogo kidogo kwa ajili ya Umra. Nilipojaribu kumwomba radhi alinambia, "Umra ni mwito, mwanangu. Nitaitwa siku nyingine." Hakusema zaidi, na mimi sikuwa na la kujibu.

Alhamdulillah, deni lile tulilimaliza kulilipa, na gari lilirudi. Lakini nimebaki nikijiuliza tulikosea wapi. Nimegundua kwamba kosa lilianza siku tulipoitazama ile karatasi ya mpakani kama usumbufu, tukasahau kwamba ni ahadi.

Kibali cha muda ni kitu gani?

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaongozwa na sheria moja ya forodha, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004. Sheria hiyo inaruhusu kitu kuingia nchini kwa muda bila kulipiwa ushuru, kwa sharti kwamba kitatoka tena kabla ya muda kwisha. Kwa gari la mgeni, muda huo kwa kawaida hauzidi miezi mitatu, na mara nyingi hupewa pungufu ya hapo. Tarehe inayokuhusu ni ile iliyoandikwa kwenye karatasi yako. Anachokumbuka rafiki yako alivyopewa yeye mwaka juzi hakitakusaidia.

Gari lililoingia kwa njia hiyo ni la matumizi ya mgeni mwenyewe. Haliuzwi huko, halikodishwi, wala halikabidhiwi mwenyeji alitumie kama lake. Muda ukipita na gari bado lipo, au masharti yakivunjwa, sheria inaruhusu litozwe faini na hata kutaifishwa.

Hapa ndipo linapoingia kosa la wengi. Watu husema, "Gari langu nimelilipia ushuru Kenya, na Uganda ni Jumuiya moja, basi nilipe mara ngapi?" Ni swali la haki, lakini linachanganya mambo mawili. Soko la pamoja linazipa nafuu bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Gari lililotumika likaletwa kutoka Japani halihesabiwi kuwa limetengenezwa Kenya kwa sababu tu limesajiliwa Kenya. Ukitaka kulihamishia Uganda moja kwa moja, utafuata utaratibu wa kuingiza gari pale: ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, na tozo ya mazingira ikiwa gari ni kuukuu.

Tena si kila gari linakubaliwa kuhamishwa. Kenya haisajili gari lililoingizwa likiwa limezidi miaka 8 tangu litengenezwe. Uganda, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2018, imezuia kuingizwa magari yenye miaka 15 au zaidi. Kwa hiyo mtu wa Kampala anayehamia Nairobi na gari lake la miaka 12 hawezi kulifanya la Kenya, hata kama fedha za ushuru anazo.

Upo msamaha katika sheria hiyohiyo kwa mtu anayehamisha makazi yake. Anaruhusiwa gari moja bila ushuru, ikiwa amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko atokako kwa miezi isiyopungua 12, na akiliuza baadaye atalipa ushuru uliosamehewa. Lakini tusijidanganye. Msamaha huo ni wa mwenye kuhama kikweli na mwenye gari lake. Mwanafunzi aliyeazimwa gari na mama yake si mmoja wao.

'Ariya mbili katika gari moja

Katika madarasa ya fiqhi tulisoma mlango wa 'ariya, yaani kuazima kitu ili ukitumie na kukirudisha. Kwa madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika pwani hii, kitu cha kuazima kiko katika dhamana ya aliyeazima. Kikiharibika au kupotea, analipa, hata kama hakuzembea, isipokuwa kile kilichochakaa kwa matumizi aliyoruhusiwa. Na aliyeazimwa hana haki ya kumwazima mtu mwingine bila ya idhini ya mwenyewe.

Wanazuoni huleta kisa cha Safwan bin Umayya. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alipokuwa akijiandaa na vita vya Hunayn alimwomba deraya zake, na Safwan wakati huo alikuwa bado hajasilimu. Akauliza kama zinachukuliwa kwa nguvu. Mtume akamhakikishia kwamba ni za kuazima, na zina dhamana. Hebu tutafakari, ndugu zangu. Aliyekuwa na uwezo wa kuzichukua aliingia katika dhamana kwa ajili ya mali ya mtu asiyekuwa hata katika dini yake.

Sasa tulitazame lile gari la mama. Lilikuwa limebeba 'ariya mbili. Ya kwanza ni ile ya mama kwa mwanawe: litumie, unirudishie. Ya pili inafanana nayo ingawa si mkataba uleule wa vitabuni: nchi jirani ilimwambia, ingia nalo bila kulipa, ulitumie, ulitoe kwa tarehe hii. Mdogo wangu alipompa rafiki yake ufunguo, kwa nia njema kabisa ya kumsaidia mgonjwa, alivunja sharti la pande zote mbili kwa mkono mmoja. Na mimi niliyempa ushauri nilikuwa mshirika wake.

Qur'ani Tukufu inaifungua Sura ya Al-Maida kwa kuwaamrisha waumini watimize ahadi. Wengi wetu tunaiogopa aya hiyo tukikumbuka ndoa na biashara. Tunasahau kwamba saini tunayotia mpakani, tukiwa tumechoka na watoto wanalia nyuma, nayo ni ahadi.

"Lakini ushuru wenyewe ni maks"

Najua wapo watakaonijibu kwamba ushuru wa mipakani ni maks, kodi ya dhulma iliyokemewa, na kwa hiyo kuukwepa si dhambi. Hoja hii nimeisikia mara nyingi, na waliyonayo si wajinga. Mjadala wa wanazuoni juu ya kodi za serikali za leo ni mpana, na mimi si mtu wa kuukata.

Lakini nina maswali matatu kwa anayeishika hoja hiyo. Kwanza, hata kama ushuru ungekuwa dhulma, je, wewe umedhulumiwa nini ulipopewa kuingia bila ya kuulipa? Kibali cha muda ni nafuu, na umeiomba mwenyewe. Pili, umeandika kwamba wewe ni mgeni unayetembea, na huku umekodi nyumba kwa miaka miwili na watoto umewaandikisha shule. Hayo ni maneno ya kweli au ya uongo? Uongo haugeuki kuwa halali kwa sababu anayeambiwa amevaa sare. Tatu, mwenye gari amekubali kulihatarisha? Hata mwenye kuamini kwamba kodi ni dhulma hana ruhusa ya kuipeleka hatarini mali ya mjane kwa sababu ya imani yake hiyo.

Na tusisahau jina letu. Kanzu, kofia na buibui vinatutangulia kila tunapofika mpakani. Mmoja wetu akijulikana kwa ujanja, wa nyuma yake watapekuliwa hadi kwenye chupa ya mtoto.

Hesabu ya fedha

Tuje kwenye mfuko, maana amana bila hesabu huishia kwenye deni. Wengi huona kwenda na gari ni bure na kununua ni hasara. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme umenunua gari dogo lililotumika, Uganda, kwa shilingi milioni 20 za huko. Baada ya miaka miwili ukaliuza kwa milioni 16. Umepoteza milioni 4, ambazo ukizigawa kwa miezi 24 ni kama shilingi 167,000 kila mwezi. Hiyo ndiyo bei halisi ya kununua, ukiacha bima na matengenezo ambayo ungeyalipa kwa vyovyote vile. Zile milioni 16 nyingine hazikupotea, zimerudi.

Upande wa pili, weka gari la nyumbani kwa kibali cha miezi mitatu mitatu. Kwa miaka miwili ni safari za mpakani zisizopungua saba. Hesabu mafuta, ada za kibali, bima ya nje, siku za masomo au kazi zilizopotea. Ongeza kwamba nyumbani ulikotoka mtu mwingine anapanda boda au matatu kwa sababu gari liko kwako. Kisha weka juu yake hatari kwamba afisa wa safari ya nne atakwambia, "Wewe hutembei, wewe unaishi hapa," naye atakuwa amesema kweli.

Simwambii mtu kwamba kununua ni rahisi kila mara. Nasema tu kwamba kwenda nalo kuna gharama nyingi zisizoonekana siku ya kufunga mizigo.

Mwenye kununua huko

1. Usikimbilie mkopo wa riba. Gari la kupandia kwenda msikitini lisinunuliwe kwa kitu kilichokatazwa msikitini. Njia ya murabaha ipo. Benki inanunua gari iwe yake kwanza, kisha inakuuzia kwa bei inayojulikana, ukalipa kwa awamu bila ya bei kupanda. Kenya ilipata benki kamili za Kiislamu kuanzia miaka ya 2007 na 2008, Tanzania ilipata Amana Bank mwaka 2011, na Uganda ilitoa leseni ya kwanza ya benki ya aina hiyo mwaka 2023. Ila benki zote hutaka ushahidi wa kipato na makazi, na mwanafunzi mgeni mara nyingi hana. Kwake yeye kilicho bora ni gari dogo la fedha taslimu, au kungoja.

2. Uliza kwanza karatasi unazohitaji kama mgeni. Uganda na Tanzania utatakiwa uwe na TIN, na Kenya PIN, kabla ya gari kuandikwa jina lako.

3. Usilipe fedha mpaka umehakikisha kwamba kitabu cha gari, au kadi ya gari kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania, ni cha muuzaji kweli, na gari halina deni la benki. Nambari ya chasi iliyo kwenye karatasi na iliyo kwenye chuma zilingane. Nenda na fundi wako mwenyewe. Fundi aliyeletwa na dalali ni wa dalali.

4. Hamisha umiliki mara moja. Kuendesha gari lenye jina la mtu mwingine kwa sababu "tunaaminiana" ni kurudi kulekule tulikokuwa sisi.

5. Andikeni mauziano na muwe na mashahidi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Al-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Kama umeuziwa kwa awamu, aya hiyo inakuhusu wewe.

6. Usinunue kwa fedha zako zote. Bakisha za kukurudisha nyumbani na familia yako ikiwa masomo au kazi itakatika.

Mwenye kwenda na gari lake

Yupo anayekwenda kwa mwezi mmoja: harusi ya binamu Tanga, likizo Kampala, matibabu Moshi. Huyo hana haja ya kununua. Ila ajiandae hivi:

1. Kitabu au kadi halisi ya gari. Kama gari si lako, barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na wakili, ikitaja nchi na muda. Kama gari lina mkopo, barua ya benki pia. Kama mwenye gari amefariki na mirathi haijagawanywa, liache nyumbani. Gari hilo lina warithi, huenda wengine ni watoto, na hakuna mmoja mwenye haki ya kulivusha peke yake.

2. Bima. Bima ya nyumbani mara nyingi huishia mpakani. Ipo Kadi ya Njano ya COMESA, inayotambulika Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na nchi nyingine, na Tanzania nayo inashiriki ingawa ilijitoa COMESA. Elewa kwamba kadi hiyo inalinda madai ya watu wengine utakaowaumiza au kuwaharibia mali. Gari lako likigonga mti hailipi. Muulize mwenye bima yako kama kinga ya gari lenyewe inavuka.

3. Upande wa barabara. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Gari letu la usukani wa kulia likipita kule, dereva hawezi kuona vizuri anapotaka kulipita lori. Mwenye watoto ndani alitie jambo hilo akilini kabla ya safari.

4. Tarehe ya kibali iandike ukutani na kwenye simu, na uipunguze wiki mbili. Ukiona hutawahi, nenda forodhani kuomba nyongeza kabla haijapita. Anayekwenda kabla huombwa karatasi, na anayekwenda baada huombwa faini.

5. Ufunguo asipewe mwingine, hata rafiki mwema. Mgonjwa akitokea, mpeleke mwenyewe, au mlipie teksi.

Neno kwa wanafunzi na wazazi wao

Wanangu, nawaambia bila kuficha: wengi wenu hamhitaji gari. Mmekwenda kutafuta elimu, na kila gari lina njia yake ya kula muda wa mwenyewe. Leo tairi, kesho bima, kesho kutwa wenzako wanataka lifti ya mjini. Kodi chumba karibu na chuo na msikiti, na tofauti ya kodi ya nyumba itakuwa ndogo kuliko mafuta.

Na ninyi wazazi, mkimpa mtoto gari la kwenda nalo nchi jirani, mwambieni wazi: ni la nani, ni la muda gani, nani anaruhusiwa kuliendesha, na likipatwa na jambo nani atalipa. Mama yetu alisema "nirudishie" akadhani inatosha. Ilipasa itoshe. Lakini mapenzi ya mama yana aibu ya kuweka masharti, na watoto tunaitumia aibu hiyo bila ya kujijua. Aliyepaswa kuyaandika masharti alikuwa mimi, mkubwa wa nyumba.

Mdogo wangu alimaliza masomo yake, walillahil hamd. Mwaka wake wa pili aliumaliza bila gari, akiwapeleka watoto shule kwa miguu. Siku moja alinambia kwamba mwaka ule ndio aliowafahamu majirani zake kwa majina.

Tunamwomba Allah atujaalie tuwe wenye kutimiza amana kubwa na ndogo, atulinde njiani sisi na watoto wetu, awarehemu wazee wetu waliotangulia, na awaite katika Nyumba yake Tukufu mama zetu walioahirisha safari hiyo kwa ajili yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.